Mtoto wa Mwoka Mikate

Kila asubuhi, kabla sijanawa hata uso, nilikuwa nimeshakula ncha ya mkate. Baba yangu alikuwa mwoka mikate. Mbele ya nyumba yetu kulikuwa na chumba cha tanuri, nyuma kulikuwa na vyumba vya kulala na jiko la mama. Trei ya kwanza ikitoka tanurini, baba alikuwa anakata ncha ya mkate mmoja, ile yenye ganda pande zote, ananiwekea pembeni. "Panya wangu ameamka?" anauliza. Nami natoka mbio, naidaka ingali ya moto, naihamisha mkono huu na mkono ule huku napuliza.

"Mtoto gani huyu, hata salamu hana, mkate kwanza!" mama alikuwa ananisuta. Maneno yake yaliingia sikio hili yakatokea lile. Jina la Panya mtaa mzima ukaliiga, hadi walimu, na mimi sikujali. Nani angejali akiwa na mkate mdomoni?

Nilipofika darasa la tano, tumbo langu likaanza vituko. Naharisha wiki nzima, napata nafuu siku mbili, naanza upya. Tumbo linajaa, lakini mikono na miguu inakonda. Darasani nililala juu ya dawati, na mwalimu wa hesabu akaniandika kwenye orodha ya wavivu. Nilipewa dawa ya minyoo mara tatu. Minyoo kama ilikuwepo, basi ilishakufa na kuzikwa, lakini tumbo lilibaki vilevile.

Wateja nao wana midomo. "Mwoka mikate," mmoja alimwambia baba akicheka, "sisi unatushibisha, wako unamnyima?" Baba alicheka naye, ila alipokuwa akiifunga ile mikate alichana karatasi mara mbili. Niliona aibu, na sikujua nimekosa nini.

Ndipo tukaenda hospitali kubwa. Daktari alikuwa mwanamke mpole, anayeongea polepole. Alinitoa damu, akanifanyia vipimo vingine, na majibu yalipotoka alituita wote, mimi, baba, mama na kaka yangu.

"Ndani ya ngano kuna kitu ambacho utumbo wa mtoto huyu haukivumilii," alisema. "Kila akila, utumbo unajiumiza wenyewe. Chakula kinapita tu, mwili haupati kitu. Na dawa yake ni moja. Asile ngano tena. Mkate, keki, biskuti, tambi, vyote basi. Hata chembe."

"Kwa muda gani?" baba aliuliza.

"Maisha yake yote."

Baba alicheka kidogo, cheko la mtu asiyeamini anachosikia. "Daktari, mimi ni mwoka mikate."

"Pole sana," daktari alimjibu. "Basi kazi yako itakuwa ngumu kuliko ya wengine."

Ngumu? Nendeni mkalale kwenye nyumba inayonukia mkate kuanzia alfajiri, halafu mje mniambie. Harufu ilipita chini ya mlango, ikaingia kwenye shuka, kwenye nywele, hadi kwenye madaftari yangu ya shule. Nilikula wali na viazi, viazi na wali, huku kaka akitafuna mkate na kujifanya haufurahii. Siku za mwanzo nililia waziwazi. Baadaye nikawa nalia chooni.

Wiki ya pili uzalendo ukanishinda. Nilijificha nyuma ya magunia ya unga nikala ncha moja ya mkate. Moja tu! Kaka akanifuma makombo yakiwa bado kidevuni. Mama alilia kuliko nilivyolia mimi, na hilo ndilo lililoniuma. Niliapa mbele yao wote kwamba sitarudia, na sikurudia. Naapa mpaka leo.

Wiki chache zikapita, na tumbo langu likaanza kutulia. Niliweza hata kucheza kamba mapumziko. Lakini baba hakuwa na raha. Kuniona nikimenya viazi asubuhi kulimkera moyoni.

"Mimi niko hai, mikono yangu mizima, halafu mwanangu akose mkate?" alisema. "Haiwezekani."

Akanunua unga wa mchele. Mkate wa kwanza ulitoka mgumu ajabu. Kaka akasema tukipata mwingine wa aina hiyo tutaanza kujenga ukuta. Wa pili ulizama katikati. Baba hakukata tamaa. Kila akimaliza kazi ya wateja, alirudi kwenye meza yake ileile na kuanza upya. Mama, ambaye kwa jambo hili hakumwamini mtu, alimhoji umewekwa nini, naye akamhesabia kwa vidole: "Unga wa mchele. Mayai. Hamira. Mafuta. Sukari kidogo na chumvi. Ngano hakuna, mke wangu, hata harufu."

Wa tano ulitoka mzuri. Ulikuwa unavunjikavunjika, na ladha yake si ile niliyoizoea, lakini ulikuwa na ganda. Nilikula nusu nzima nikiwa nimesimama. Baba alinitazama kila tonge, na nilimwona akimeza mate pamoja nami. Tangu siku hiyo alinipikia mkate wangu kila baada ya siku mbili.

Baada ya muda, tumbo likarudia yale yale. Mwanzoni nilinyamaza, nikidhani litapita. Halikupita. Nikaanza tena kukimbilia chooni, nikaanza tena kusinzia darasani, na siku ya kurudi hospitali ilipofika nilikuwa nimepungua kilo mbili.

Daktari alisoma majibu ya damu, akavua miwani. "Huyu mtoto bado anakula ngano," alisema.

"Sili!" nilisema.

"Damu inasema anakula."

Wote wakanigeukia. Kaka akaangalia sakafu, na nilijua anafikiria magunia. Mimi pia niliyafikiria. Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilikula mara moja, nikafumwa mara moja, na sasa hiyo mara moja ilikuwa imemeza maneno yangu yote.

"Panya ni panya tu," baba alisema tukiwa njiani kurudi. Hakutabasamu. Siku zote aliponiita jina hilo nililipenda. Siku hiyo nilitamani nisiwe nalo.

Akafunga chumba cha tanuri kwa kufuli, ufunguo akautundika shingoni. Kaka alipewa kazi ya kupekua mkoba wangu nikitoka shule. Aliona haya kuliko mimi, lakini alipekua. Mimi nikajiambia, sawa, nitawaonyesha. Nikaacha kula kitu chochote cha nje. Karanga za rafiki yangu nikakataa, matunda ya jirani nikakataa. Ili pasiwe na neno, nilikula mkate wa baba peke yake, asubuhi, mchana na jioni. Jinsi nilivyozidi kujichunga ndivyo nilivyozidi kuugua.

Jioni moja mama alikuja kukaa kitandani pangu. Alinipapasa mgongo, mifupa yote anaihesabu.

"Mwanangu, niambie mimi tu. Sitakupiga, sitamwambia mtu. Unakula, siyo?"

"Mama, sili."

"Nataka nikusaidie. Nitakusaidiaje kama unanificha?"

Aliuliza tena. Na tena. Sauti yake ilikuwa imechoka, na mimi nilikuwa nimechoka kuliko hiyo sauti. Nilikuwa nimesema ukweli kwa baba, kwa daktari, kwa kaka, kwa mwalimu, na hakuna aliyeupokea. Nikaona bora niwape wanachokitaka.

"Ndiyo," nikasema. "Nakula."

Mama akashusha pumzi. Akanikumbatia, akanishukuru kwa kusema kweli. Jamani! Nilishukuriwa kwa uongo, mimi niliyetukanwa kwa ukweli. Kufika asubuhi nyumba nzima ilikuwa imeshajua, na tangu hapo hakuna aliyehangaika tena kutafuta sababu. Sababu ilikuwa imeshapatikana, ilikuwa ni mimi.

Siku kumi baadaye nilianguka mstarini shuleni. Nilipozinduka nilikuwa hospitali, dripu mkononi, mama upande huu, baba upande ule. Daktari aliniita mgonjwa wake sugu, akatupeleka kwa mtaalamu wa lishe, bibi mmoja mfupi aliyekuwa na daftari kubwa na penseli sikioni.

"Nimeambiwa umekiri unakula mikate kwa siri," alinianza. "Unaila saa ngapi?"

Nilikuwa na uongo, lakini sikuwa nimeupangia saa.

"Unaitoa wapi?"

Nikaitazama penseli yake.

Akamgeukia baba. "Nasikia chumba kina kufuli. Ufunguo anao nani?"

"Ninao mimi." Baba akauvuta kutoka ndani ya shati. "Hautoki shingoni."

"Basi huyu mtoto anapita wapi, ukutani?" Bibi aliweka penseli chini, akaniinamia. "Niangalie. Unakula mikate ya ngano, au huli?"

Machozi yakanitoka kabla ya sauti. "Sili. Nilikula siku moja tu, mwanzoni kabisa. Nilisema ndiyo kwa sababu nilichoka kuulizwa."

Niliogopa kumtazama mama. Bibi hakunikaripia wala hakunipa pole. Alifungua ukurasa mpya. "Haya. Tuanze upya. Unakula nini?"

"Mkate wa baba. Wa mchele."

"Una nini ndani?"

Baba akamtajia vyote kwa vidole, vilevile alivyomtajia mama. Bibi aliandika, akasoma, akatikisa kichwa. "Hapa hakuna kibaya. Hebu nionyeshe unavyoupika. Fanya hiyo meza yangu ndiyo meza yako."

Baba aliona haya kidogo, lakini alisimama. Kazi yake anaijua hata akiwa usingizini. Akachekecha unga ambao haukuwepo, akavunja mayai ambayo hayakuwepo, akakoroga. Kisha mkono wake wa kulia ukaingia pembeni, ukachota kitu, ukakirusha juu ya meza, fyu, na mikono yote miwili ikaanza kukanda.

"Simama hapo," bibi alisema. "Umerusha nini?"

"Wapi?"

"Hapo. Mkono wako umerusha kitu mezani."

"Aa, hapo." Baba alitabasamu. "Hapo nanyunyiza unga kidogo, donge lisinate mezani. Kila mwoka mikate ananyunyiza."

"Unga gani?"

Nilimwona baba akiangalia mkono wake wa kulia, kisha akaniangalia mimi, kisha akauangalia tena ule mkono. Kopo la unga wa kunyunyiza lilikaa pembeni ya ile meza tangu kabla sijazaliwa, na ulikuwa unga wa ngano. Hakuwahi kuuhesabu, kwa sababu kwake huo haukuwa chakula. Ulikuwa ni mkono wake tu unavyofanya kazi.

"Nimekuwa nikimlisha mimi mwenyewe," alisema. Alikaa chini bila kuangalia kiti kilipo.

Mama alinishika kichwa akakibana kifuani kwake, akirudia, "Nisamehe, nisamehe." Bibi alieleza mengi siku hiyo. Alisema unga wa ngano unaelea hewani, unakaa kwenye meza, kwenye ungo, kwenye nguo na kwenye kucha. Chakula changu kipikwe jikoni kwa mama, kwa sufuria na mwiko vya kwangu peke yangu, na anayetoka kwenye tanuri asikiguse kabla hajaoga na kubadili nguo. Baba aliuliza kama akinunua meza mpya ataweza kunipikia kwenye chumba chake. Bibi akamwambia hapana. Aliuliza kama akipika siku ambayo hana kazi. Hapana, vumbi lake haliishi. Akaacha kuuliza.

Kwa hiyo mama ndiye aliyejifunza mkate wa mchele. Baba alimwelekeza kutoka uani, akisimama mbali, na alipokuwa akisahau na kusogea tulimfukuza wote kwa kelele. Mtaa mzima ulikula kutoka mikononi mwake, mimi tu sikuweza. Alizoea polepole. Sidhani kama amezoea kabisa.

Miezi ilipita. Nikaongezeka kilo nne, na kamba nikaruka hadi nikamshinda kaka. Daktari alisoma majibu mapya ya damu, akasema utumbo unapona vizuri. Mama na kaka walitangulia kwenda dirisha la dawa, mimi na baba tukabaki kwenye benchi la korido.

"Lile la unga nilikosea bila kujua," baba alisema, bila kuniangalia. "Lile la kukuita mwongo nilikosea kwa kujua. Niliona ni rahisi kukukagua wewe kuliko kujikagua mwenyewe. Nisamehe, mwanangu."

Sikuzoea kuombwa msamaha na mtu mzima. Nilitikisa kichwa kumwonyesha nimemsamehe.

"Na wewe nakuomba kitu kimoja. Ukijua unasema kweli, usikubali uongo ili watu wakuache upumzike. Hata kama anayekukaripia ni mimi. Ulipokubali, sote tuliacha kutafuta, na kidogo tukupoteze. Ugonjwa hautibiwi kwa kumfurahisha anayeuliza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Akanyoosha mkono kunishika. Kabla haujafika aliurudisha, akaugeuza, akautazama pande zote mbili na chini ya kila ukucha. Ulikuwa safi. Ndipo akanishika.