Kikohozi Katika Nyumba ya Viwavi

— Miaolan! Nifungulie nikuone uso tu.

— Weka kapu hapo chini, Tusheng, urudi nyuma.

— Wiki ya tatu hii naongea na mbao!

— Kama mbao zinakuchosha, nyamaza.

Tusheng akatua kapu la majani ya mforosadi mbele ya lango lenye karatasi nyekundu. Kijijini kwao, kando ya Ziwa Tai, karatasi hiyo ikishabandikwa hakuna mgeni anayeingia hadi viwavi wa hariri wamalize kusokota. Jirani haingii, mchumba haingii, hata mtoza kodi hupita mbali. Mguu wa mgeni huwaletea viwavi ugonjwa, na viwavi wakifa, mwaka mzima ni uji mwepesi.

Tusheng aliyajua hayo tangu utotoni. Alijua pia kwamba majani mabichi yenye maji huwaharisha viwavi, ndiyo maana kila asubuhi alikaa kwenye mtumbwi wake akiyafuta kwa kitambaa, jani kwa jani. Hakuna aliyemtuma.

Alikuwa anageuka kuondoka aliposikia kikohozi ndani. Kizito. Cha mwanamume.

— Nani huyo?

— Nani nani?

— Anayekohoa!

Kabla Miaolan hajajibu, Bibi Ruan wa nyumba ya pili akaanza kukohoa nyuma ya ukuta kama aliyepaliwa na moshi.

— Ni mimi, mjukuu wangu! Kifua! Nenda zako kazini.

— Bibi, tangu lini una kifua cha dume?

— Tangu nimzike mume wangu, akaniachia chake!

Bibi Ruan hakuwa ameambiwa kitu. Ila kila aliposikia kikohozi kile, naye alikohoa.

Ndani, mzee Yao alikuwa amelala mkekani, risasi ya Wajapani imemharibu mguu. Kabla karatasi haijabandikwa aliletwa na kaka yake Miaolan, aliyekuwa na wapiganaji wa kuwapinga Wajapani huko mateteni ziwani. Kaka alisema neno moja tu: usimwambie mtu, hata Tusheng.

— Mwambie mchumba wako, binti, Yao alimsihi. La sivyo atakuacha.

— Kaka alikataza.

— Unalia.

— Ni moshi wa mkaa.

Kutoka langoni Tusheng alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya chai, alikokuwa ameketi Fugen, rafiki yake aliyekua naye.

— Ana mwanamume ndani, Fugen. Nimemsikia kwa masikio yangu. Chumba cha nyuma, upande wa mfereji.

— Una hakika?

— Kama ninavyokuona wewe.

— Pole, ndugu yangu. Kunywa chai. Niachie mimi.

Kesho yake asubuhi Fugen alimkuta gatini, uso umejaa furaha.

— Leo utacheka! Nimewaambia Wajapani. Wako njiani na mkalimani wao. Hawara gani anafichwa wiki tatu? Yule ni mtu wa mateteni!

— Wewe unaongea na Wajapani tangu lini?

— Tangu wanangu waanze kula wali. Nishukuru basi!

Tusheng hakumshukuru. Alipiga kasia kupitia mfereji, akaparamia ukuta wa nyuma, akaingilia dirishani. Miaolan akamwinulia koleo la mkaa.

— Umeingia! Umewaingilia viwavi!

— Wanakuja. Yuko wapi huyo mtu?

Ndipo akamwona Yao. Mzee wa kumzaa, ndevu nyeupe, mguu umevimba.

— Huyu ndiye?

— Huyu ndiye. Umeridhika?

Walimsukuma Yao chini ya kichanja cha mwisho cha nyungo za viwavi, wakamfunika kwa vikonyo vya majani na kinyesi cha viwavi. Kisha Tusheng akavua shati.

— Unafanya nini?

— Wanatafuta mwanamume anayekohoa. Wampate.

— Kijiji kizima kitaniita malaya!

— Najua, Miaolan.

Miaolan akazifumua nywele zake mwenyewe.

Askari walivunja lango. Nyuma yao aliingia mkalimani, na nyuma ya mkalimani, Fugen. Palepale kifua cha Yao kikaanza kukwaruza kule chini. Tusheng akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

— Huyu ndiye mpiganaji wako? mkalimani akamuuliza Fugen.

— Siye! Huyu ni Tusheng! Aliniambia mwenyewe anamsikia mtu chumba cha nyuma!

— Nije kujichongea mwenyewe? Tusheng akadakia. Bwana mkubwa, huyu alimtaka msichana, akakataliwa.

Askari mmoja akaelekeza singe kwenye nyungo za viwavi. Mkalimani akamzuia:

— Hariri hiyo ni ya jeshi. Ukiimwaga, utaulizwa wewe.

Ofisa akacheka. Tusheng akapigwa kitako cha bunduki mbavuni, na Fugen akazabwa makofi pale langoni, kijiji kizima kikiona ni nani aliyewaleta.

Miaolan hakucheka wala hakulia. Alikuwa bado anasikia: *aliniambia mwenyewe.*

Jioni Tusheng alimtoa Yao kwa mtumbwi, chini ya majani, akampeleka mateteni. Fugen alihamia mjini. Kijijini hakuna aliyekubali kummiminia chai tena. Lakini nusu ya viwavi walikufa, na wanawake kisimani hawakumwacha Miaolan.

— Ameua viwavi kwa raha zake!

— Na wewe siku ya harusi yako tumbo lilikuwa la wali? Bibi Ruan akamjibu, akamtwika Miaolan ndoo yake.

Tusheng alikuja. Lango sasa lilikuwa wazi, lakini alisimama nje.

— Nilikuwa na wivu, Miaolan.

— Nilikupa sababu. Lakini mbona hasira zangu sikuzipeleka nyumba ya chai?

— Ungeniambia...

— Ningekuambia, ungemwambia nani?

— Unanichukia?

— Ningekuchukia ningelala usingizi. Nakupenda, ndiyo shida yangu. Sikiliza. Kaka ataleta mwingine. Hutaniuliza ni nani, anatoka wapi, anakwenda wapi.

— Hata jina?

— Hata jina.

— Na nikikasirika?

— Nikasirikie mimi, humu ndani. Nipigie kelele zako zote mimi.

— Hiyo ni ndoa au kifungo?

— Chagua.

Walioana viwavi waliobaki walipomaliza kusokota. Waliokuja hawakujaza meza moja. Bibi Ruan alileta mayai aliyoyapaka rangi nyekundu, akala mawili yeye mwenyewe ili sahani isionekane imesusiwa.

Wageni walipokwisha kutoka, lango likagongwa polepole. Miaolan akamtazama mumewe. Tusheng akavua koti la harusi, akalitandika juu ya mkeka aliolalia Yao, palipokuwa na baridi, akaenda kufungua.

Hakuuliza ni nani.