Swali Mbele ya Darasa

Mfuniko wa birika ulianza kugongagonga kabla hakujapambazuka. Kipusa alikuwa ameshaamka, akiipiga pasi blauzi yake ya buluu kwa mara ya pili. Leo anahojiwa kazi ya mapokezi kwenye zahanati. Simu ikaita. Akaigeuza kifudifudi.

"Huyo kijana atachoka," bibi yake alisema, akimtilia chai, sukari nyingi kama apendavyo.

"Na achoke tu, bibi."

Yeye na kijana huyo walikutana sokoni, kwenye msongamano wa vibanda vya simu, wote wakigombea chaja ya mwisho. Kijana mwenye shati lililopauka lakini safi akamwachia. "Chukua, mrembo. Mimi fundi umeme, giza nimelizoea." Kumbe jioni walisoma darasa moja, la vijana waliokatizwa shule, wakijifunza kupokea wateja na kujibu waajiri. Penzi likakolea humo.

Likapasukia humo humo. Wiki iliyopita mwalimu aliwapanga wawili wawili, mmoja bosi, mwingine mwomba kazi. Fundi akawa bosi, akakunja uso, akauliza mbele ya wote, "Kwa nini uliacha shule?"

Naye alijua! Kipusa alikuwa amemwambia sababu yeye peke yake. Alitoka darasani bila kujibu, na tangu siku hiyo hakupokea simu yake.

Pale zahanati, mama mmoja mwenye miwani alifunua karatasi zake. "Kwa nini uliacha shule?"

Kipusa akainua kichwa. 

"Sikuacha, mama. Nilifukuzwa kwa sababu ya mimba. Binti yangu anasoma, na mimi nimerudi kusoma. Kama mnataka mtu asiyewahi kuanguka, siye mimi. Kama mnataka anayejua kumpokea mgonjwa mwenye aibu, niko hapa."

Yule mama alimtazama, akamsogezea glasi ya maji. "Tutakujaribu mwezi mmoja. Jumatatu uwahi."

Nje, Kipusa akapiga simu mwenyewe.

"Ulinivua nguo mbele za watu."

"Nisamehe, mpenzi. Nilijua watakuuliza, nikataka ulizoee swali. Ilinipasa nikuulize tukiwa wawili."

"Wameniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nimesema yote, tena kwa sauti. Lakini sikia: siri yangu naitoa mimi. Uliniumiza hadharani, basi njoo uombe radhi mbele ya bibi."

Jioni alifika, suruali imenyooka, jasho linamtiririka. Aliomba radhi bila kujitetea. Kisha akakohoa. "Bibi, naomba pia nilete wazee wangu."

"Wazee wasubiri!" Kipusa akadakia. "Kwanza nimalize mwezi wangu wa majaribio. Nataka kuolewa nikiwa na kazi yangu."

"Na mimi niko kwenye majaribio?"

"Tena makali."

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Akamsindikiza kijana hadi mlangoni, akamshika mkono.

"Usingoje mwezi uishe, baba. Kesho pita tena."