Kifuniko cha Agaseke

Kifuniko kilikataa kufunga. Mara nne Odette alikuwa ameziunganisha kwenye kompyuta nukta zote za mstari mpaka ukingo ukakamilika. Lakini kila alipoichezesha picha, kifuniko kilishuka hadi karibu na mdomo wa kikapu, kikasimama, kikaacha upenyo wa kidole.

Ilikuwa nembo yake ya kwanza. Miaka saba alikuwa akipiga video za harusi hapa Kamembe pamoja na Habineza bila kuweka jina lake popote. Sasa alitaka kila kaseti ianze na agaseke, kile kikapu cha zawadi chenye kifuniko cha ncha, kikijifunga taratibu huku jina lake likijiandika chini. Mchoro wenyewe ulikuwa wa kaka yake Ganza, aliouchora kwa wino Bukavu, katika studio walimofanya kazi wote watatu kabla ya vita vya mwaka tisini na sita. Habineza ndiye aliyevuka mto wa mpaka, Rusizi, akaleta habari: Ganza alipigwa risasi, naye akamzika kwa mikono yake. Kwa neno hilo tu familia ilikunywa bia ya mtama ya kumaliza matanga. Kaburi hakuna aliyeliona.

"Papa Bella, kuja uone," Odette alimwita Habineza kwa jina la bintiye, kama alivyozoea.

Habineza akainamia mashine. "Iko kama kinywa yako, dada. Haifungaki."

Akacheka. Kisha spika ikabisha: mbili za haraka, moja ya kiganja.

"Umeweka sauti?" Habineza aliuliza.

"Sikuweka kitu."

Hivyo ndivyo Ganza alivyobisha mlango tangu utoto. Chumba kikaingiwa na harufu ya kutu na jasho lililochacha, na umeme ukakatika, redio ya duka la jirani ikanyamaza, feni ikazunguka mara ya mwisho ikasimama, lakini mashine iliendelea kuwaka, mchana kweupe, na ndani ya upenyo wa kifuniko, mahali ambapo Odette hakuchora chochote, kukaonekana ncha za vidole vinne zikisukuma kutoka ndani.

Mzee Kamali, fundi cherehani wa mlango wa pili ambaye pia alisomesha Kurani, alipoitwa alikuja na futi yake bado shingoni. Alisoma kwa sauti ya chini, akatega sikio kwenye kioo cha kompyuta.

"Hii jini haina nyumba yake," alisema polepole. "Inaingia ndani ya uongo ya muntu, inakaa pale. Nani alisema uongo juu ya maiti?"

Odette hakumtazama Habineza. Aliogopa kumtazama.

"Haikukuwa risasi," Habineza alinong'ona. "Basoda na bunduki zabo balikuwa ku barabara. Ganza alirudi kukamata kamera ndani ya depo, ile stoo ya studio. Mimi nilifunga mulango ya chuma kwa inje, ili baone hakuna muntu. Akabisha. Ningefungua, bangetusikia."

"Alibisha muda gani?"

"Sijui, dada. Nilikimbia na ufunguo."

Akautoa mfukoni. Ulikuwa umefungwa pamoja na funguo za studio hii, na Odette alikuwa ameushika mara nyingi bila kuuliza ni wa mlango gani.

Pengine hofu ya saa ile ingemfunga mtu yeyote mikono. Odette alilijua hilo. Yeye mwenyewe pia alikimbia siku ile.

"Hofu yako ninaweza kuelewa," alisema. "Lakini ulikunywa bia yetu ya matanga, Papa Bella. Ulikaa karibu ya mama yangu, ukakunywa ya kwanza."

 Kwenye kioo vidole vilirudi ndani, kifuniko kikashuka, kikakaa mahali pake sawasawa. Harufu ikaisha.

"Imetoka," Kamali alisema.

"Imeenda wapi?"

 Habineza alikuwa ameshika kifua kwa mikono miwili, na kutoka ndani yake, chini ya shati, wote watatu wakasikia: mbili za haraka, moja ya kiganja.

"Dada," Habineza alisema, "ambia Mzee asome tena."

Kamali akamgeukia Odette, akangoja.

Odette alivuta kiti karibu na mashine. Akaandika jina lake chini ya kikapu, na kando yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, jina la Ganza. Akahifadhi kazi. Nyuma yake kifua cha Habineza kilibisha tena, naye hakugeuka.