Kikombe cha Meno

Priscah aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kosele. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa ya bandia, ya kuvaa na kuvua. Aliyejua ni bintiye Lynnet tu. Mkwe wake Javan hakujua. Mama mkwe aonekane na pengo mbele ya mume wa bintiye? Afadhali alale njaa.

Leo alikuwa hospitalini, akingoja kupasuliwa uvimbe wa shingo. Javan, aliyemleta, alisimama mbali kidogo na kitanda, kwa heshima.

Werema, mtaalamu wa dawa ya usingizi, akaja na fomu. Akauliza alikula lini, anatumia dawa gani, na kama kuna chakula au dawa inayomdhuru. Priscah alijibu yote vizuri.

"Kuna jino linalotikisika, au la bandia?"

"Hakuna," Priscah akasema, macho chini.

Werema alipoondoka, Priscah akafumba macho aombe. Maneno yakakwama. Atamwombaje Mungu amlinde, na amemdanganya mtu atakayemlindia pumzi? Ili Javan aondoke, akamtuma akamwite Lynnet aliyekuwa nje, kisha akaomba Werema arudi.

"Daktari, meno haya mawili ya mbele yanatoka. Niliona haya, mkwe alikuwa hapa."

Werema hakumgombeza. "Mama, usingizi huu si kama wa nyumbani. Koo linalegea, huwezi hata kukohoa. Mimi napitisha mpira mdomoni mpaka kwenye njia ya hewa, ndio upumue. Jino likichomoka, linaweza kuziba hapo au kuingia mapafuni. Chakula nacho kikirudi juu kinaingia huko huko. Ndiyo maana tulikukataza kula."

"Sasa nipite mbele ya watu na pengo?"

"Utayavua ndani, mlangoni pa chumba cha upasuaji. Tutayaweka kwenye kikombe chenye jina lako. Mkwe hafiki huko."

"Na nikiamka?"

"Ukiamka sawasawa, utapewa. Koo litawasha siku moja mbili. Usiogope, ni ule mpira."

Aliamka koo likiwasha, kama alivyoambiwa. Muuguzi akamletea kikombe. Javan alipoingia kusalimu, mama mkwe alikuwa na meno yake yote.

Mwezi uliofuata, jirani yake sokoni, Edinah, alipangiwa upasuaji.

"Wakisema usile, usile, hata uji," Priscah akamwambia. "Na usimfiche daktari kitu, hata kile umewaficha watu wa nyumbani."

Edinah akacheka. "Kwani wewe huficha nini?"

Priscah akaangalia huku na huku. Javan hakuwepo. Akavua meno, akamwonyesha kiganjani, akayarudisha, akaendelea kupima omena.