Mwanamke Chini ya Wimbo wa Saba

Wimbo wa saba ulikataa kupanda.

Joyceline alikuwa na kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu na flashi, karibu na stendi ya Ngara. Asubuhi ile Laurian, mwalimu wa kwaya moja ya Nyamiaga, alimletea nyimbo kumi na mbili. Nyingine zilipiga kelele, nyingine hazikusikika. Alitaka sauti zilingane. Kumi na moja programu ilizisawazisha mara moja. Wa saba, kila akiupandisha, ulishuka wenyewe.

Akampigia simu. "Huu mliurekodia wapi, mwalimu?"

"Pangoni, kule mtoni. Pana mwangwi mzuri. Wenyeji walitukataza, tukadhani ni ushirikina tu."

Joyceline akavaa hedifoni, akaupandisha kwa mkono hadi mwisho. Kwaya ikasikika. Chini yake, pale waimbaji wanapovuta pumzi, palikuwa na mwanamke asiyevuta pumzi. Alikuwa akiwataja wanakwaya: Bonifasia, Frednand, Priscila. Kibanda kikaanza kunuka tope la mtoni, na sauti ikazidi kusogea, kwanza ndani ya hedifoni, halafu nyuma ya kiti, halafu sikioni kabisa kana kwamba mwenyewe ameinama juu ya bega lake na nywele zake mbichi zinamgusa shingo, mpaka ikasema, kwa upole wa mama anayemwamsha mwanawe, "Joyceline."

"Abee," akaitika kabla hajafikiri.

Mumewe, Alfonce, alimkuta sakafuni, mdomo wazi, akiimba kwa sauti isiyo yake. Akazima kompyuta iliyokuwa bado ikipiga wimbo wa saba wa mwalimu Laurian, akakodi gari hadi Nyamahanga, kwa mganga Nyamizi.

"Shikamoo, mama. Nimemkuta hivi kazini, akisikiliza wimbo."

"Marahaba. Mlaze hapa. Usimjibu chochote; anayeitika huchukuliwa."

Nyamizi akafukiza majani, akamwinamia mgonjwa. "Wewe ni nani?"

"Mwenye pango," kinywa cha Joyceline kikasema. "Wamekuja kuniimbia. Na mimi nawaita."

"Huyu hakukuimbia. Alikuwa kazini kwake. Mwachie."

Mwili ukatetemeka, ukajikunja, Joyceline akatapika maji meusi yenye mchanga, akatapika tena hadi Alfonce akashindwa kutazama, kisha akaanza kulia, taratibu, kwa sauti yake mwenyewe.

"Wimbo huo ufutwe leo," alisema Nyamizi.

Alfonce akatoka uani, akapiga simu. "Mwalimu, ule wimbo wa saba uufute."

"Ule aliotuma Joyceline saa saba? Umekaa sawa kabisa. Nimeshawatumia wanakwaya wote."

Saa saba walikuwa barabarani, na simu ya mkewe ilikuwa imezimwa mfukoni mwake. Alfonce akanong'ona, "Mwalimu, kuna mtu aliyeitika?"

Upande wa pili yakasikika maji yakitiririka.

"Wote," alijibu mwanamke, kwa upole. "Na wewe, baba, unaitwa nani?"