Udongo Juu ya Majivu

Siku ile Mwalimu wa Moto hakurudi kula mchana. Mama yake alifunika sahani kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya kabati ambako paka hafiki, akatoka uani kuanua nguo. Shati jeupe alilolishika lilikuwa na madoadoa meusi. Akalikung'uta, yakaja mengine. Majivu yalikuwa yanaanguka kutoka angani.

Kazi ya binti yake ilikuwa kupita shule kwa shule na soko kwa soko, kufundisha watu wasiunguze msitu. Jina la Mwalimu wa Moto lilimkaa mpaka waliosoma naye wakasahau lile la kwanza. Kaka yake aliongoza kikosi cha zimamoto cha msituni, kilichowaajiri wote wawili. Huyo aliitwa Reki, kwa sababu reki yake ya chuma haikumtoka mkononi. Mama hakuwa na watoto wengine. "Wenzangu wanawakataza watoto kuchezea moto," alizoea kutania, "mimi wangu wanalipwa mshahara."

Jioni Reki alishuka mlimani amembeba mdogo wake mikononi. Watu walitaka kumpokea, akakataa. Alimbeba hivyo hivyo mpaka mlangoni.

Inspekta alifika kesho yake asubuhi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuchunguza mioto. Daktari alikuwa amemaliza uchunguzi wa maiti. Marehemu aliuawa na moshi kabla miali haijamfikia. Mkononi alikuwa ameshika tawi bichi, limeungua majani yote.

"Kwa nini hakukimbia?" Inspekta aliuliza.

"Kulikuwa na kina mama waliokwenda kuokota kuni," alijibu Koplo, msaidizi wake. "Aliwaonyesha njia ya kushukia, yeye akabaki anaupiga moto ili wapite. Wote wamefika salama, afande."

"Na yeye hakupata wa kumwonyesha njia."

"Lakini mchomaji tumeshampata. Mrina asali. Wananchi walimkuta porini na kopo la moshi wa kufukuzia nyuki."

Mrina asali alikuwa amekaa sakafuni mwa mahabusu. Mdomo ulikuwa umepasuka na jicho moja limefumba kwa uvimbe. Nje ya kituo watu walikuwa wanapiga kelele wakabidhiwe yeye.

"Jana ulikuwa msituni?" aliuliza Inspekta.

"Nilikuwa."

"Na moto?"

"Na moshi, afande. Moshi ni kitu kingine."

"Watu wanasema wewe ndiye uliyechoma."

"Hao hawasemi, wanapiga." Alijipangusa damu. "Mizinga yangu yote ilikuwa kule. Sasa mimi nimelaaniwa, nichome nyumba nikiwa ndani?"

"Kopo lako ulilizima vipi?"

"Maji, koroga, papasa." Alinyoosha mkono, akapitisha mgongo wa kiganja juu ya sakafu kana kwamba sakafu ni majivu. "Ukipapasa ukatoa mkono mbio, bado hujazima. Ndivyo Mwalimu alivyotufundisha. Nilimbishia siku nzima, nikamwambia, dada, kuzima ni kufukia udongo tu, basi. Akanicheka. Akasema udongo ni blanketi, na moto hulala vizuri chini ya blanketi."

Alilia kwa jicho lile moja lililokuwa wazi.

"Mletee maji," Inspekta alimwambia Koplo. "Na asitoke humu. Akitoka wanamuua."

Walipanda mlima kwa miguu. Kila kitu kilikuwa cheusi, na kilipokanyagwa kilivunjika kwa sauti ndogo. Inspekta alitembea ameinama. Alitazama mawe, upande gani umeungua na upande gani umebaki na rangi yake. Alitazama mashina ya miti na vishina vya nyasi. Kila alama ilimwonyesha moto umetoka wapi, naye akaufuata kinyumenyume, mpaka wakavuka kilima na kuingia bonde la juu.

Hapo chini ya mti mmoja alisimama.

"Chanzo ni hapa."

Kulikuwa na duara ardhini. Mtu alikuwa amekwangua nyasi zote kwa kuzunguka, mpaka kwenye udongo mtupu, upana wa hatua moja. Ndani ya duara majivu yalikuwa yamefukiwa, na katikati kulikuwa na tundu mahali palipokuwa na kisiki.

"Sasa kama aliweka mkanda wa udongo namna hii, moto ulitokaje?" Koplo alikuna kichwa.

Inspekta alipiga magoti. Aliuweka mgongo wa kiganja chake juu ya udongo uliofukia, akautoa haraka. Kisha alichukua kijiti, akakichomeka kwenye tundu la kisiki. Kijiti kilizama chote. Akachimba taratibu kufuata mzizi ulioungua. Mzizi ulipita chini ya mkanda, ukaibukia upande wa pili, palipoanzia weusi wote wa mlima.

"Aliwasha juzi, akafukia, akaondoka," alisema. "Moto ukashika mzizi. Umetembea usiku kucha chini kwa chini, jana mchana ukakuta nyasi kavu na upepo."

"Basi ni bahati mbaya ya mchoma takataka."

"Wewe ukisafisha mahali uchome takataka, nyasi ulizokwangua unazitupa wapi?"

"Ndani, afande. Ziungue na zenyewe."

"Tazama basi."

Kuuzunguka mkanda, kwa nje, palikuwa na tuta la majivu mazito. Nyasi zilizokwanguliwa zilitupwa huko, zikaungua jana pamoja na msitu.

"Anayetupa nje ni mtu wa zimamoto," alisema Inspekta. "Wanafundishwa kuunyima moto chakula. Wakishazoea, mkono unatupa wenyewe, hata kama kichwa kina mambo mengine. Na hii mikwaruzo kwenye udongo siyo ya jembe."

Koplo aliinama, akaitazama. Ilikuwa mistari myembamba, imepangana kama meno.

Dereva wa gari la kikosi alikuwa chini ya gari lake, anapiga nyundo bomba. Alitoka akijifuta mafuta.

"Jana mlijuaje moto uko wapi?" Inspekta alimuuliza.

"Mnara wa kulindia moto ulisema bonde la chini. Moshi ulikuwa nyuma ya kilima, ukitazama kutoka mnarani unaonekana kama wa chini. Mimi nikakata kona, Reki akanishika usukani. 'Juu,' akasema. 'Bonde la juu.' Nikamwambia mnara umesema chini. Akanitukana tusi ambalo siwezi kulirudia mbele yako, afande."

"Alijuaje?"

"Mdogo wake alimpigia simu. Ndivyo alivyosema." Dereva alitazama nyundo yake. "Yule mtu tumwache kidogo. Tangu jana hajala, hajavua hata buti."

Nyumbani kwa marehemu wanawake walikuwa wamejaa mpaka barazani. Mama alikuwa chumbani, amekaa kwenye kitanda cha binti yake. Kupitia mlango sahani ilionekana juu ya kabati, imefunikwa vilevile. Hakuna aliyethubutu kuiteremsha.

"Pole, mama."

"Nimepoa, mwanangu. Karibu ukae. Una mama wewe?"

"Ninaye."

"Mpigie simu leo."

Inspekta alikaa. Akauliza kwa sauti yake ya chini, "Jana binti yako alimpigia kaka yake?"

"Alijaribu, masikini. Simu ya kaka yake ilikuwa imezimwa. Akanipigia mimi. 'Mama, kuna moto, kimbia kambini ukamwambie kaka.' Nikamuuliza, uko wapi? Simu ikakata." Mama alivuta pumzi. "Nikakimbia bila viatu. Kufika kambini gari limeshaondoka. Nikamshukuru Mungu. Nikasema, basi kaka yake keshajua, atamtoa."

Inspekta alikuwa ameshika kalamu. Aliirudisha mfukoni.

"Yule mrina asali nasikia wamempiga," mama alisema. "Ni kweli ni yeye?"

"Siyo yeye, mama."

"Basi ukimjua aliyefanya, uje uniambie wewe mwenyewe. Nisisikie kwa watu."

"Nitakuja."

Reki alikuwa kambini peke yake, amekaa juu ya pipa. Buti zake zilikuwa nyeusi mpaka magotini. Reki ilikuwa imeegemezwa ukutani, karibu na mkono wake.

"Kesho nampeleka mrina asali mahakamani," Inspekta alimwambia. "Kifo kimo kwenye mashtaka. Huenda hatatoka tena."

Reki alikwangua majivu kwenye buti kwa kucha.

"Kabla sijaenda, nifundishe kitu. Nichoree mkanda hapa kwenye nyasi. Mdogo tu."

"Sasa hivi, afande?"

"Tafadhali."

Aliinuka kama mtu mwenye homa. Alishika reki, akaivuta mara ya kwanza, nyasi zikaruka nje. Mara ya pili, nje. Alizunguka vizuri, mgongo umeinama, pumzi inafuata mikono. Alipokaribia kuunganisha duara alitazama nyasi zilivyolala, zote nje, tuta moja safi. Mikono ikasimama.

"Nani alikuambia bonde la juu?" Inspekta aliuliza.

"Mdogo wangu alinipigia."

"Simu yako ilikuwa imezimwa. Alimpigia mama."

"Mama amekuambia?"

"Ameniambia. Hajui alichoniambia."

Reki ilianguka. Mwenyewe alikaa palepale, ndani ya duara.

"Mtoe yule mtu," alisema. "Hana kosa."

"Niambie kwanza."

"Kazi yetu ilikuwa inafungwa, afande. Kikosi chote. Mkubwa kutoka makao makuu alikuja, akatusimamisha hapa uwanjani. Miaka yote hii hakuna moto, akasema, sasa tunawalipa mkae? Na ni kweli hakukuwa na moto. Mdogo wangu alifundisha mpaka moto ukaisha." Alicheka. "Alifundisha vizuri mno. Akatufukuzisha kazi wote, na yeye mwenyewe akiwemo. Mama anakula kwetu sisi wawili, hana mwingine."

"Ukaamua kuwasha."

"Mkubwa alikuwa apite barabara ya chini juzi, anakagua. Nikasema aone moshi kidogo. Aone gari linatoka, vijana wanakimbia, moto unazimwa. Niliweka mkanda pande zote. Niliwasha kitu cha kuchemshia chai tu, afande. Hakupita. Nikangoja mpaka jua likaanza kushuka, hakupita."

"Ukafukia."

"Maji sikuwa nayo. Nikafukia udongo."

"Hukupapasa?"

Alifunika uso.

"Niliinama nipapase. Mkono ulikuwa hapa." Aliuonyesha, karibu na ardhi. "Nikasikia watoto wa shule wanapanda na mdogo wangu, wanaimba. Maji, koroga, papasa. Wimbo aliwatungia yeye. Nikajua akifika atanusa moshi kwenye shati langu, na mimi sijawahi kumdanganya yule mtoto nikaweza. Nikakimbia."

"Na simu?"

"Niliizima jana asubuhi. Mkubwa angepiga anipe tarehe ya kufunga. Sikutaka kuisikia." Aliinua kichwa. "Nilipoona moshi nyuma ya kilima nilijua. Sikujua kwamba yeye yuko kule. Naapa, afande, hilo sikulijua. Nilimkuta ameshalala. Tawi lilikuwa bado mkononi."

Koplo alitoa pingu. Inspekta alimpa ishara angoje. Walimwacha akae mle ndani ya duara mpaka aliponyanyuka mwenyewe na kutoa mikono.

"Mwambieni mama niliungua na mimi," alisema.

"Hapana. Nimemwahidi."

Mrina asali aliachiwa kwa mlango wa nyuma, amevikwa koti la Koplo. Inspekta alikwenda nyumbani kwa mama. Wanawake wa barazani waliona mlango wa chumba unafungwa, wakasubiri kilio. Hakikuja. Kilichokuja, baada ya kitambo, ni sauti ya mama anauliza, polepole kama anayehesabu vyombo, "Kwa hiyo nyumbani nimebaki na nani?"

Wiki ya mazishi mkubwa wa makao makuu alikuja. Alisimama barabarani na viatu vyake safi, akautazama mlima mweusi, akatikisa kichwa. Alisema hatari bado ipo na kazi iendelee.

Kikosi hakikufungwa. Nafasi mbili ziko wazi.