Zulaikha na Kiapo cha Samaki

Kengele ya mchana ilipolia, wanafunzi walijipanga mbele ya jiko la shule, kila mmoja na sahani yake. Zulaikha alipofika mbele, mpishi alimpakulia wali na upawa wa maharagwe kama wengine. Alirudi kwenye benchi, akayachota maharagwe yote kwa kijiko na kuyahamishia kwenye sahani ya rafiki yake, Uwineza.

"Leo tena?" Uwineza aliuliza. "Wewe utakula nini?"

"Nitakula samaki nyumbani," Zulaikha alijibu, akaanza kutafuna wali mkavu.

Uwineza hakubisha. Nani angebisha huku anaongezewa chakula?

Mambo haya yalianzia kwenye Idi ya kuchinja. Baba yake Zulaikha, Mzee Mudathiru, ana bucha karibu na soko la Kamembe, Rwanda, na mwaka huu alileta mbuzi nyumbani muda mrefu kabla ya sikukuu. Kazi ya kumlisha alipewa Zulaikha. Alimletea majani ya viazi vitamu, akamzoea, na mbuzi naye akawa anamfuata uani kila aendako. Siku ya Idi ilipofika na sinia la pilau likawekwa mkekani, Zulaikha aliitazama ile nyama ya mbuzi wake, akaurudisha mkono.

"Kula, mtoto wa mchinjaji," kaka yake Kamali alimtania. Kamali ana miaka kumi na minne na ulimi usiojua likizo.

"Sili. Wallahi, kuanzia leo kitoweo changu ni samaki tu. Sitaki kingine chochote."

Ulimi hauna mfupa. Angesema tu kwamba hataki nyama, wakubwa wangemwacha. Lakini alikuwa na hasira, na mwenye hasira huahidi zaidi ya anachoweza. Mkeka mzima ulicheka. Baba alisema kiapo hicho hakitafika mwisho wa wiki, na kicheko hicho ndicho kilichomtia Zulaikha ukaidi.

Mwanzoni alijiona mshindi. Ziwa Kivu liko pale chini, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walikuwa wengi sokoni. Mama yake, Gasaro, aliwakaanga mpaka wakawa wakavu, naye Zulaikha akawatafuna na vichwa vyao. Siku moja alijaribu kuchota maharagwe kidogo, Kamali akamshika mkono.

"Hayo yana magamba? Uliapa samaki tu, dada. Maji ukiyavulia nguo, yaoge."

Zulaikha akarudisha kijiko.

Kisha ziwa likafungwa. Kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa muda ili samaki wazaane. Kila mtoto wa Kamembe anajua hilo, na Zulaikha mwenyewe aliwahi kulijibu kwenye mtihani akapata alama zote. Siku ya Idi hakulikumbuka hata kidogo. Nyavu zilianikwa, meza za samaki sokoni zikajaa nyanya, na samaki wachache waliotoka mbali walikuwa na bei ya kumfanya mama apite bila kuuliza mara ya pili.

Jioni ya kwanza bila samaki, mama alipakua ugali na lengalenga, yaani mchicha. Kamali alimtazama dada yake, akingoja. Zulaikha alihisi amebanwa kila upande. Akila mboga, amevunja kiapo alichomtajia Mungu, na Kamali atamtangaza shule nzima. Asipokula, atalala na njaa.

"Nimeshakula," alisema. "Nimekula kwa kina Uwineza. Wana samaki wakavu wa akiba."

Uongo ule uliaminika kirahisi, kwa kuwa Thacienne, mama yake Uwineza, alikuwa muuza samaki. Tangu jioni hiyo Zulaikha aliishi na uongo wa pande mbili. Shuleni alisema anakula nyumbani, nyumbani alisema anakula kwa kina Uwineza. Ukweli ni kwamba alikuwa anakula wali mkavu, tonge za ugali alizomega jikoni kwa siri, na ndizi mbivu akibahatika. Kichwa kilimuuma darasani. Miguu ilimlegea akipanda mlima na ndoo ya maji. Kila alipotaka kusema ukweli, aliona uongo umeshakuwa mwingi na hajui aanzie wapi. Alijifungia chooni akalia, akanawa uso, akatoka akitabasamu.

Jumamosi moja mama alimwita. Mezani palikuwa na beseni lenye unga wa muhogo, sukari na kitenge kipya.

"Jitwike hili. Tunaenda kwa Maman Uwineza."

"Kufanya nini?" Zulaikha aliuliza.

"Kushukuru. Muntu analisha mutoto wako samaki wakati huu wa shida, na wewe unanyamaza? Batatuita watu gani?"

Zulaikha alisema tumbo linamuuma. Mama akamwambia akitembea litapoa. Alisema labda Maman Uwineza hayupo. Mama akasema watamngoja. Basi akatoka na beseni kichwani, amebeba mwenyewe shukrani ya samaki ambao hakuwahi kuwala. Siku nyingine Mama Gasaro husimama kuzungumza na kila mtu njiani mpaka watoto wachoke. Siku hiyo hakusimama hata mara moja.

Thacienne, aliyelelewa Bukavu, upande wa Kongo, na kurudi Rwanda akiwa mtu mzima, aliwapokea mlangoni kwa furaha.

"Karibu, Maman Kamali. Mupite, mukae."

"Aksanti, dada. Nimekuja kukushukuru kwa samaki unayomupa mutoto wangu kila siku. Mungu akubariki."

"Samaki gani?" Thacienne alishangaa. "Tangu bafunge ziwa, akiba yangu yote iliisha. Sasa nauza ndizi za kutoka Gashonga. Sisi benyewe tunakula maharagi."

Uwineza alimgeukia rafiki yake. "Si uliniambia unakula kwenu?"

Thacienne alimtazama Zulaikha usoni, akamwonea huruma. "Labda batoto balikula kwa majirani," alisema polepole.

Hapo Zulaikha angeitikia tu, na siku ingepita. Lakini kesho yake angehitaji uongo mwingine, na nguvu za kuubeba hakuwa nazo tena.

"Hapana, Maman," alisema, beseni bado liko kichwani. "Sijala samaki popote. Nimewadanganya nyote. Niliapa, nikaogopa kuchekwa, halafu nikashindwa kurudi nyuma. Nina njaa."

Mama yake alilitua lile beseni. Zulaikha alingoja kofi. Halikuja. Mama Gasaro alikaa kwenye kiti, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Thacienne aliingia jikoni, akatoka na sahani ya maharagwe yenye mawese. "Mutoto akule kwanza. Maneno itafuata."

"Na kiapo?" Zulaikha aliuliza.

"Kula," mama alisema. "Hicho kiapo Papa yako atakipeleka kwa maalim leo hii."

Zulaikha alikula mpaka akatoka jasho. Walipoaga, Thacienne alitaka kuwarudishia beseni, lakini mama alikataa. "Leo amekula kwako kweli. Hiyo shukrani ni yako."

Jioni baba alirudi kutoka madrasa, akawaita watoto wote wawili.

"Maalim anasema mtoto ambaye hajafika umri wa kubaleghe hafungwi na kiapo kama mtu mzima," alisema. "Ila ujifunze, usilitaje jina la Mungu kwa hasira. Nyama usipoitaka sikulazimishi, wateja wa kuinunua wapo. Utakula maharagwe, mboga, na samaki ziwa likifunguliwa. Na wewe Kamali, uliyekuwa askari wa kijiko cha dada yako, kuanzia kesho kuchambua na kupika maharagwe ni kazi yako."

Kamali aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, Papa," Zulaikha alisema.

"Sikiliza, mwanangu. Kuacha nyama si kosa. Hata kukosea kuapa, mtu hukosea. Ungekuja siku ile ya kwanza ukasema umenaswa, tungekaa hapa hapa tukatafuta njia. Kosa lako ni kutufanya tulale tukijua umeshiba, na wewe una njaa ndani ya nyumba hii hii. Mzazi hawezi kukusaidia kwa shida uliyomficha."

Kisha akachukua upawa, akamwongezea maharagwe, akakaa kando yake mpaka sahani ikaisha.